Mzee Yacouba Alirudi Shambani

Mwezi huu tunakusimulia habari za mkulima mmoja. Jina lake ni Yacouba Sawadogo. Jina lake la kwanza husomwa "Yakuba". Hakuwa mkubwa wa serikali. Hakuwa daktari wala mwalimu wa shule. Hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa mkulima wa mkono, na baba wa familia kubwa.

Mzee Yacouba alifariki dunia tarehe 3 Desemba 2023, katika nchi ya Burkina Faso. Habari za kifo chake zilitangazwa katika nchi nyingi. Kwa nini dunia ilimkumbuka mkulima mmoja wa kijijini? Aliacha nini?

Aliacha watoto, msitu na mashimo.

Usicheke, ndugu msomaji. Ni kweli, mashimo. Mashimo hayo yamelisha maelfu ya watu. Soma pole pole mpaka mwisho, nawe utaona.

KIJIJI CHA GOURGA

Burkina Faso ni nchi ya Afrika Magharibi. Nchi hiyo haina bahari. Zamani iliitwa Volta ya Juu. Ilipata jina lake la sasa mwaka 1984.

Upande wa kaskazini wa nchi hiyo iko sehemu iitwayo Yatenga. Mji wake mkubwa ni Ouahigouya. Jina hilo husomwa "Wahiguya". Karibu na mji huo kipo kijiji cha Gourga. Hapo ndipo Yacouba alipozaliwa, kama mwaka 1946.

Wenyeji wa huko ni Wamossi. Chakula chao kikubwa ni mtama na uwele. Mvua yao ni ya msimu mmoja tu. Huanza kama mwezi wa Juni, na huisha kama mwezi wa Septemba. Miezi yote mingine ni jua na vumbi. Mvua hiyo moja ikikosekana, hakuna mvua nyingine ya kuwaokoa. Msomaji wa Dodoma, wa Singida au wa Shinyanga, wewe huhitaji kuelezwa zaidi.

Yacouba alipokuwa mtoto alipelekwa nchi ya jirani, Mali, kusoma Kurani. Lakini hakufika mbali katika masomo. Alirudi nyumbani. Alipokuwa mtu mzima alifanya biashara katika soko la Ouahigouya. Aliuza vipuri vya pikipiki. Biashara yake ilikwenda vizuri. Alipata fedha, na watu walimjua.

Basi, huyu alikuwa mtu aliyekwisha kutoka shambani. Alikuwa na duka, kivuli na fedha mfukoni. Hebu tuone kilichomrudisha juani.

MIAKA YA NJAA

Kuanzia mwaka 1968 hadi 1973 ukame mkali ulipiga nchi zinazopakana na jangwa la Sahara upande wa kusini. Ng'ombe walikufa. Watu walikufa. Mvua ilipungua tena mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Visima vilikauka. Wanawake walitembea mbali kutafuta maji. Miti ilikuwa imekatwa kwa kuni na kwa kupanua mashamba. Upepo ulipeperusha udongo wa juu, ule udongo mweusi wenye rutuba. Mvua kidogo iliyonyesha ilichukua udongo uliobaki.

Kilichobaki ni ardhi ngumu, nyeupe, yenye ganda kama sakafu. Wamossi huiita ardhi hiyo "zipele". Ukiipiga kwa jembe, jembe linaruka. Ukipanda mbegu, haioti. Mvua ikinyesha, maji hayaingii ndani. Yanateleza juu na kwenda zake.

Watu wakaanza kuhama. Kwanza walihama vijana. Walikwenda Ivory Coast kufanya kazi katika mashamba ya kahawa na kakao. Halafu zikahama familia nzima, mume, mke na watoto. Katika vijiji vingine vya Yatenga, nyumba nyingi zilibaki tupu.

Ndugu msomaji, jiweke mahali pake. Wewe ni baba mwenye duka sokoni. Nyumbani una wake na watoto wengi wanaotaka kula. Shamba la baba yako limekuwa kama sakafu. Majirani wanafunga mizigo. Wewe ungefanya nini?

Watu wengi wangebaki na duka lao. Wengine wangepanda lori na kuondoka. Yacouba aliona jambo moja. Fedha hailiwi. Kama hakuna anayelima, sokoni hakutakuwa na mtama wa kununua hata ukiwa na fedha. Basi akaliacha duka. Akachukua sururu yake. Akarudi Gourga.

SHIMO DOGO LENYE KAZI KUBWA

Wazee wa Yatenga walikuwa na mbinu ya zamani. Penye kipande kidogo cha ardhi ngumu, walichimba vishimo vidogo na kupanda mbegu ndani yake. Mbinu hiyo inaitwa "zai". Inasemekana kwamba jina hilo limetokana na neno la Kimossi lenye maana ya kuamka mapema na kwenda haraka kutayarisha shamba.

Lakini mbinu hiyo ilikuwa karibu kusahauliwa. Tena vishimo vilikuwa vidogo mno. Yacouba hakuidharau mbinu ya wazee. Hakuifuata kama kipofu pia. Aliijaribu, akaitengeneza vizuri zaidi. Alifanya mabadiliko matatu.

Kwanza, alichimba mashimo mapana zaidi na marefu zaidi kwenda chini.

Pili, alitia samadi ndani ya kila shimo. Alitia mavi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, pamoja na majani yaliyooza. Zamani samadi ilitupwa juu ya shamba, na upepo na maji vikaichukua. Sasa samadi ilikaa mahali penye mmea.

Tatu, hakungoja mvua. Alichimba wakati wa kiangazi, miezi ile ambayo wengine walikaa kivulini.

Sasa angalia shimo linavyofanya kazi. Mvua ya kwanza inanyesha. Maji yanateleza juu ya ardhi ngumu, yanakutana na shimo, yanatumbukia na kukaa humo. Mchwa wanasikia harufu ya samadi. Wanakuja kuila. Wanapokula wanatoboa njia ndogo ndogo ardhini, chini ya shimo. Maji yanafuata njia hizo na kuingia chini kabisa. Mvua ikikatika wiki mbili au tatu, shamba la jirani linanyauka. Mmea ulio katika shimo bado una unyevu kwenye mizizi.

Sisi wakulima tumezoea kumwona mchwa kuwa adui. Anakula nyumba, anakula mazao. Mzee Yacouba alimfanya mchwa kibarua wake. Mchwa alimsaidia kulima, naye hakumlipa hata senti.

Aliongeza jambo jingine. Alipanga safu za mawe kukata mteremko wa shamba. Maji ya mvua yakifika kwenye mawe hupunguza mwendo. Huacha udongo, majani na mbegu, halafu hupita pole pole. Njia hiyo ya mawe ilienea sana huko Yatenga kuanzia mwaka 1979 na kuendelea. Wakulima walifundishwa kupima usawa wa ardhi kwa mpira mwembamba wenye maji. Kifaa hicho ni rahisi, na mtu asiyejua kusoma anaweza kukitumia.

"AMEPATA WAZIMU"

Je, majirani walifurahi walipomwona anachimba? La. Walisema amepata wazimu.

Mtu anaacha duka. Anakwenda kwenye ardhi iliyokufa. Anachimba mashimo mamia kwa mamia wakati wa jua kali, na mvua haijaonekana hata wingu. Tena anabeba mavi ya ng'ombe na kuyafukia chini. Watu wakacheka. Wazee wengine walikasirika. Walisema anavunja mila, kwa sababu mila haikuruhusu kulima kabla ya wakati wake.

Maneno haya tunayajua hata huku kwetu. Mtu akipanda kwa mistari, anachekwa. Akichimba choo, anachekwa. Akienda darasa la kisomo na mvi kichwani, anachekwa. Huenda hata wewe unayesoma gazeti hili ulichekwa siku ya kwanza uliposhika kalamu.

Yacouba hakugombana nao. Hakuwarudishia matusi. Aliendelea kuchimba.

Mvua ikaja. Mtama ukaota mahali ambapo watu walisema hapataota kitu tena. Akavuna. Mwaka uliofuata akachimba mashimo mengine.

Sisi tunasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini wakati mwingine mkuu mwenyewe ni njaa. Njaa ilisema badilika, na Yacouba alisikia.

MITI ILIYOKUJA YENYEWE

Halafu likatokea jambo ambalo hakulitazamia. Katika samadi mlikuwa na mbegu za miti. Ng'ombe na mbuzi hula matunda ya miti porini, na mbegu hutoka katika mavi yao. Basi katika mashimo ya mtama iliota miche ya miti.

Mkulima mwingine angeing'oa kama magugu. Yacouba aliiacha. Aliona kwamba penye mti udongo haukimbii, na unyevu unadumu. Wakati wa kuvuna, alikata mabua ya mtama juu juu ili yabaki marefu na kuikinga miche. Baadaye alianza kupanda miti kwa makusudi.

Mwaka baada ya mwaka miti ikaongezeka. Ndege wakarudi. Wanyama wadogo wakarudi. Ardhi ile iliyokuwa kama sakafu ikawa msitu wa karibu hekta 40, yaani karibu ekari 100. Ndani yake mlikuwa na aina zaidi ya 60 za miti na vichaka. Mingi ilikuwa miti ya dawa. Mzee Yacouba aliijua, na wagonjwa walimjia kutafuta matibabu.

Lakini usidhani kazi ilikuwa rahisi. Kuna watu walimwonea wivu, na wengine hawakupenda mambo yake mapya. Walimchomea moto. Miti yake iliteketea.

Hapo pia jiweke mahali pake, ndugu msomaji. Umetoa jasho miaka mingi. Unaamka, unaona majivu. Na waliokuchomea moto ni watu wa huko huko kwenu, unaokutana nao njiani. Wengi wetu tungekata tamaa. Wengine wangetafuta panga.

Mzee Yacouba alipanda tena.

BABA NA JAMAA YAKE

Watu wengi wanapomsifu Mzee Yacouba husema juu ya msitu. Sisi tunapenda useme pia juu ya nyumba yake.

Mtu mmoja hawezi kuchimba mashimo ya shamba zima. Hebu tufanye hesabu. Ukiacha mita moja kutoka shimo hadi shimo, hekta moja ina mashimo 10,000. Mtu mmoja akichimba saa nne kila siku, atamaliza hekta moja kwa muda wa karibu miezi mitatu. Halafu kuna kubeba samadi, kuna kupanda, kuna palizi.

Kazi ya namna hii ni kazi ya familia. Watoto wa Mzee Yacouba walikua wakimwona baba yao shambani. Wanawe walishika sururu pamoja naye. Walijifunza majina ya miti na kazi ya kila mti. Yeye hakuweza kuwaachia vitabu, maana hakujua kuandika. Kitabu chake kilikuwa shamba. Aliwafungulia wakalisoma.

Wako akina baba wanaodhani wamemaliza kazi wakileta fedha nyumbani. Wako wengine wanaohama kutafuta fedha, na hawarudi tena. Hatuwalaumu wote. Njaa ni kitu kibaya, na mtu huhama kwa sababu nyingi. Lakini Mzee Yacouba ametuonyesha njia nyingine. Alikuwa na fedha ya sokoni, lakini alichagua kutengeneza mahali ambapo watoto wake wangeweza kuishi bila ya kuhama. Fedha ya baba huisha. Ardhi yenye rutuba hulisha hata mjukuu ambaye hajazaliwa.

SOKO LA MBEGU

Mtu aliyechekwa akifanikiwa, mara nyingi huficha siri yake. Husema, "Mlinicheka, sasa tafuteni wenyewe." Mzee Yacouba hakufanya hivyo.

Mwaka 1984 alianza kufanya siku za soko hapo nyumbani kwake Gourga. Soko hilo lilifanyika mara mbili kwa mwaka. Mara moja lilikuwa baada ya mavuno, na mara nyingine lilikuwa kabla ya mvua. Wakulima walitoka vijiji zaidi ya 100. Kila mmoja alileta mbegu za mtama, uwele, kunde na mazao mengine zilizoota vizuri kwake. Walibadilishana mbegu. Waliangalia mashimo. Waliuliza maswali. Walirudi kwao na kujaribu.

Lilikuwa darasa la watu wazima, ingawa halikuwa na ubao wala chaki.

Habari zikavuka mpaka. Mwaka 1989 wakulima 13 kutoka wilaya ya Illéla, katika nchi ya Niger, walitembelea Yatenga. Waliyaona mashimo. Waliporudi kwao wachache wakajaribu. Mwaka 1990 ukawa mwaka wa ukame huko Niger. Penye mashimo watu walivuna. Penye shamba la kawaida hawakupata kitu. Tangu hapo hakuna aliyehitaji kubembelezwa. Watu walianza hata kununua ardhi iliyokufa ili waifufue.

Wataalamu walikuja kujifunza kwa wakulima hawa. Mmoja wao ni Chris Reij, mtaalamu wa ardhi kutoka Uholanzi. Wataalamu wamepima mavuno ya mashimo haya. Mahali palipokuwa hapaoti hata jani, mwaka wa mvua chache wakulima walipata kama kilo 300 za nafaka kwa hekta. Mwaka wa mvua nzuri walifika kilo 1,500. Leo maelfu na maelfu ya hekta zimefufuliwa katika Burkina Faso na Niger. Na katika vijiji vingine maji ya visima yamepanda tena, kwa sababu mvua sasa inaingia ardhini badala ya kukimbia.

MSITU NA VIWANJA VYA MJI

Sasa tufike kwenye jambo lililomtia uchungu katika uzee wake.

Mji wa Ouahigouya ulikua. Ukasogea mpaka Gourga. Wakubwa wa mipango ya mji wakapima viwanja. Sehemu ya ardhi aliyoifufua, pamoja na msitu wake, ikaingia katika viwanja hivyo. Yeye na watu wa jamaa yake walipewa kila mmoja kipande kidogo cha kiwanja. Nyumba zikaanza kujengwa penye mashamba yake.

Fikiri, ndugu msomaji. Ardhi ilipokuwa imekufa, hakuna aliyeitaka. Alipoifufua, ikapata bei. Ili auokoe msitu alioupanda kwa mikono yake, iliambiwa kwamba anunue ardhi ile. Ilitakiwa fedha nyingi mno, ambazo mkulima wa kijijini hana.

Mzee Yacouba hakunyamaza. Alisema mbele ya wageni, mbele ya wakubwa, na mbele ya watu wa redio na magazeti. Watu wa nchi nyingi walimsaidia kupaza sauti. Lakini hata alipopata sifa za dunia nzima, nyumba ziliendelea kusogelea msitu. Tena katika miaka yake ya mwisho, mapigano yaliingia kaskazini ya Burkina Faso. Watu wengi walikimbia vijiji vyao, na wengine walikimbilia Ouahigouya. Wakimbizi nao wanahitaji mahali pa kukaa na kuni za kupikia.

Kwa hiyo usidhani kwamba kazi ya Mzee Yacouba imekwisha salama. Msitu ni kama mtoto. Aliyemzaa akifa, lazima wawepo wa kumlea. Kazi hiyo sasa imebaki kwa watoto wake, kwa kijiji chake na kwa nchi yake.

HESHIMA ALIZOPEWA

Mwaka 2009 Mzee Yacouba alikwenda Washington, Marekani, akawaeleza wakubwa wa huko juu ya mashimo yake. Mwaka 2010 ilitoka sinema inayoonyesha maisha yake. Sinema hiyo inaitwa "Mtu Aliyelizuia Jangwa". Mwaka 2018 alipewa tuzo kubwa huko Stockholm, Sweden, inayoitwa Tuzo ya Right Livelihood. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu Nairobi, lilimpa heshima ya kuwa Bingwa wa Dunia.

Mtu yule aliyeitwa mwenda wazimu aliitwa bingwa. Lakini kati ya majina hayo mawili ilipita karibu miaka arobaini ya kuchimba.

NA SISI JE?

Usiseme, "Hayo ni ya Burkina Faso." Hata wazee wetu walijua mambo haya.

Wamatengo wa Mbinga wanalima ngoro tangu zamani sana. Wanalaza majani, wanayafukia, na kuacha mashimo katikati ya matuta. Milima yao ni mikali, lakini udongo haukimbii. Huko Dodoma, katika kijiji cha Chololo, wakulima wanachimba mashimo madogo na kutia samadi, karibu sawa na yale ya Mzee Yacouba. Watu wameyapa jina la kijiji hicho, mashimo ya chololo. Na Wasukuma wana ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili majani na miti vikue. Mwaka 1986 ulipoanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ngitili zilifufuliwa, na miti ikarudi mahali pengi.

Basi, kama shamba lako ni gumu na mvua yenu ni chache, jaribu hivi:

1. Chagua kipande kidogo kwanza. Hatua kumi kwa hatua kumi zinatosha kwa mwaka wa kwanza.

2. Chimba wakati wa kiangazi. Kila shimo liwe na upana wa shibiri moja au zaidi kidogo. Kwenda chini liwe karibu shibiri moja. Acha hatua moja kutoka shimo hadi shimo.

3. Udongo uliotoa uweke upande wa chini wa mteremko, kama tuta dogo. Tuta hilo litazuia maji yasipite.

4. Tia makonzi mawili ya samadi iliyooza katika kila shimo. Samadi mbichi huunguza mmea. Funika kwa udongo kidogo.

5. Panda mvua ya kwanza ya kutosha ikinyesha. Palilia mapema, kwa sababu samadi huotesha magugu pia.

6. Ukiona mche wa mti unaofaa, uache. Uwekee alama ili usiukate kwa jembe.

7. Mwakani tumia mashimo yale yale, au chimba mengine katikati yake.

Lakini angalia. Mashimo haya si ya kila mahali. Mahali penye maji yanayotuama, mashimo yatajaa na mimea itaoza. Mahali penye mchanga mtupu, mashimo yatafukiwa. Mwulize bwana shamba wenu kabla ya kuanza.

TUMKUMBUKE

Mzee Yacouba hakupata bahati ya kujua kusoma. Wewe umeipata. Leo umesoma habari zake kwa macho yako mwenyewe. Msomee mke wako au mume wako. Wasomee wazee wasiojua kusoma. Wasomee watoto jioni kabla ya kulala. Yeye alieneza elimu bila kalamu. Wewe mwenye kalamu una udhuru gani?

Aliitwa mwenda wazimu, akachimba. Alichomewa moto, akapanda tena. Alipimiwa viwanja juu ya jasho lake, akasema wazi wazi bila ya kuogopa. Alifariki akiwa na umri wa karibu miaka 77, karibu na mahali alipozaliwa.

Kiangazi kikija tena huku kwetu, na jua likawa kali, na watu wakakaa kivulini kuzungumza, mkumbuke mzee huyo. Halafu chukua jembe lako, uende ukachimbe shimo moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Yacouba aliacha duka na kurudi shambani?

2. Mchwa walimsaidia namna gani?

3. Kama shamba lako ni ekari moja na unaacha mita moja kutoka shimo hadi shimo, utapata mashimo zaidi ya 4,000. Ukichimba mashimo 40 kila siku, utamaliza kwa siku ngapi?

4. Je, katika kijiji chenu yuko mtu aliyechekwa kwa kuanza jambo jipya? Sasa watu wanasemaje juu yake?

5. Mtu akiifufua ardhi iliyokufa, halafu mji ukafika hapo, nini kifanyike ili asidhulumiwe na mji pia ukue? Jadilianeni.